Kiti cha Mzee Bima

Mama Mapazia alifanywa mwenyekiti wa klabu akiwa chooni. Siku ya uchaguzi, mwanzoni mwa mwaka, alitoka kidogo kwenda kunawa mikono, na aliporudi ukumbini akakuta wenzake wanampigia makofi.

"Umepita bila kupingwa," fundi bomba alimwambia, akimvutia kiti cha mbele.

"Nimepita wapi?"

"Wewe kaa tu, mwenyekiti."

Akakaa. Angeweza kukataa, lakini bega la kulia lilikuwa linamuuma, lile la kusukumia kitambaa kwenye cherehani, na kubishana na watu kulitaka nguvu ambazo siku hiyo hakuwa nazo. Mambo mengi yalimwangukia hivyo maishani. Hakuyataka, ila alichoka kuyakataa.

Klabu yenyewe haikuwa na makuu. Kila Jumanne asubuhi, kabla ya maduka kufunguliwa, wafanyabiashara wadogo wa mji ule walikutana hotelini, wakanywa chai na kutafutiana wateja. Kila kazi ilikuwa na kiti kimoja tu: fundi bomba mmoja, daktari wa mifugo mmoja, muuza miwani mmoja, mshona mapazia mmoja. Kila mtu alipewa dakika moja asimame aeleze kazi yake. Kisha wakaanza kupeana habari: jirani yangu anamalizia nyumba, mtafute, shemeji yangu kalalamika macho, nimemwelekeza kwako. Saa moja na nusu wote walikuwa wameshatawanyika.

Aliyeianzisha ni Mzee Bima. Alikuwa wakala wa bima tangu wengine wakiwa shuleni, na nusu ya magari ya mji ule yalikuwa yamepita mikononi mwake. Alivaa koti hata kukiwa na joto la kukaanga mayai, na alishika saa mkononi watu walipozungumza. Ukipitisha dakika yako alikohoa. Ukiendelea, alisimama. Kanuni zote za klabu alizitunga yeye, akazisimamia kama mtu anayelinda mlango.

Dakika yake mwenyewe kila mtu aliijua. "Mimi ni mtu pekee hapa," alisema, "ninayemwombea mteja wangu asinihitaji kamwe." Watu walicheka kila wiki, kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia salamu.

Mvua zilipoanza, Jumanne moja, Mzee Bima alisimama, akasema dakika yake, watu wakacheka, akakaa. Akafuata daktari wa mifugo na habari za chanjo za kuku. Daktari alipokaa, Mzee Bima akainuka tena, akafunga kifungo cha koti.

"Mimi ni mtu pekee hapa," akaanza.

Fundi bomba alicheka, akidhani mzee kaleta utani mpya. Lakini mzee aliendelea neno kwa neno, na mkono wake ukapanda na kushuka palepale ulipopanda na kushuka mara ya kwanza. Kicheko kikakatika. Muuza miwani akaanza kukoroga chai ambayo ilikuwa imeshakwisha kikombeni. Mzee akamaliza, akasubiri wacheke, na Mama Mapazia, kwa kuwa ndiye mwenyekiti na kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, akacheka peke yake.

Nyumbani alimsimulia mumewe, aliyekuwa amekaa na miguu juu ya kigoda kwa sababu ya maumivu ya magoti.

"Uzee," mumewe alisema.

"Ni zaidi ya uzee, baba watoto."

"Basi na wewe umeongezewa kazi. Hebu niambie, mke wangu, hiyo klabu inakupa nini?"

Mama Mapazia alifikiri. Tangu awe mwenyekiti alikuwa hajapata hata dirisha moja la kushonea. Muda wa kujitafutia wateja aliutumia kuwapigia simu wasiokuja, kumbembeleza meneja wa hoteli, na kusuluhisha ugomvi wa nani kamnyang'anya nani mteja. "Inanipa chai," akasema, na wote wawili wakacheka bila nguvu.

Mvua zilipokatika, hoteli iliwatoa ukumbini. Meneja alisema ukumbi umepata watu wa semina, akawahamishia chumba cha nyuma, kinachopakana ukuta na jiko. Vitunguu vilipokaangwa, wote walitoka wananukia vitunguu. Wanachama wakaanza kupungua. Mwenye duka la rangi alisema atarudi mambo yakitulia, mambo hayakutulia. Mama Mapazia alizoea kufika mapema, akapanga viti mwenyewe, kisha akaondoa vichache ili pengo lisionekane. Mzee Bima alifika wa pili kila mara, akiendeshwa na binti yake, ambaye hakushuka garini.

Kisha likaja jambo la lori.

Shemeji yake daktari wa mifugo alikuwa amenunua lori, na daktari, kama klabu ilivyotaka, alimpeleka kwa Mzee Bima. Mzee akapokea makaratasi palepale kwenye kikao, akayakunja, akayatia mfuko wa ndani wa koti, akasema kwisha kazi. Wiki chache baadaye lori lilipinduka kwenye kona. Dereva alitoka mzima, ila lori liliharibika vibaya, na walipokwenda kuuliza, bima haikuwepo. Makaratasi yalikuwa bado mfukoni mwa koti lile lile.

Daktari alikuja kikaoni macho mekundu. Mzee, kinyume na kawaida yake, alikuwa hajafika.

"Nimegombana na familia ya mke wangu yote," akasema. "Wananiona tapeli. Nataka atoke leo."

"Daktari, mzee anaumwa," fundi bomba akasema.

"Najua anaumwa! Mimi sina kinyongo naye. Lakini tukimpa watu wetu, tunawaangamiza. Tusipompa, anakaa hapa kufanya nini? Mwenyekiti, sema neno."

Wote wakamgeukia. Mama Mapazia alihisi uchovu ukimpanda kutoka kwenye nyayo. "Nipeni wiki moja," akasema. "Niongee na binti yake."

Alimkuta binti ofisini, chumba chenye meza mbili, moja safi na nyingine imefunikwa mafaili. Iliyofunikwa mafaili ilikuwa ya binti. Alikuwa mwanamke wa makamo, na alizungumza huku anaendelea kugonga mihuri, kama mtu ambaye akisimama hataweza kuanza tena.

"Tangu mwaka jana kazi yote naifanya mimi, mama. Hapa hapitishi kitu bila mimi kukiona. La lori lilinipita kwa sababu alilipokea kule kwenu. Nimemwomba daktari radhi, nimeongea na huyo shemeji, namsaidia ninavyoweza."

"Kwa nini hukutuambia, mwanangu?"

"Ningewaambia nini? Baba kachanganyikiwa?" Akaweka muhuri chini. "Siku zote za wiki ananiuliza leo ni siku gani. Namwambia, anasahau, anauliza tena. Ila Jumanne haulizi. Jumanne anaamka mwenyewe, anaoga, anavaa koti, ananisubiri mlangoni. Sijui anajuaje. Mkimtoa, mama, siku hiyo nayo itapotea."

Mama Mapazia aliangalia dirisha. Pazia lake lilikuwa limepauka na kuning'inia upande, na mkono ukamwasha kulinyoosha, lakini akajizuia.

Jumanne iliyofuata wanachama walifika mapema, wakala njama kabla mzee hajaletwa. Mzee atabaki kwenye kiti chake, atasema dakika yake, lakini hakuna atakayempa mteja wala karatasi. Anayetaka bima atampigia simu binti. Daktari alikubali shingo upande. "Huo ni mchezo wa kuigiza," alisema. "Mimi sijui kuigiza."

Wakaigiza hata hivyo. Wiki zikaenda, baridi ikaja ikapita, na Mzee Bima aliendelea kusimama, mara moja, mara mbili, siku nyingine mara tatu katika kikao kimoja. Muuza miwani aliacha kuja. Alisema mahali pale pamekuwa wodi. Mama Mapazia alimwelewa, akamwonea na wivu kidogo. Kuna asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mguuni, akashindwa kuvaa cha pili.

"Usiende," mumewe alimwambia kutoka kitandani.

"Nani atafungua?"

"Wasipofunguliwa watarudi makwao. Wana makwao."

Alivaa kiatu cha pili, akaenda.

Asubuhi hiyo hiyo ndipo neno lilipomtoka. Alikuwa na mapazia ya shule nzima ya kumaliza wiki ile, kazi aliyojitafutia mwenyewe, bega linawaka, moshi wa jikoni umejaa chumbani, na Mzee Bima akainuka kwa mara ya tatu, akafunga kifungo.

"Mimi ni mtu pekee hapa..."

"Umeshasema, Mzee!" Mama Mapazia alisikia sauti yake kabla hajajua kwamba ni yake. "Umeshasema! Umeshasema!"

Mzee alimtazama kwa mshangao, kisha akatazama wengine mmoja mmoja, akitafuta usoni mwao kama ni kweli. Inaonekana alikiona alichokitafuta. Akakaa taratibu, akaweka mikono magotini, kama mwanafunzi.

Mama Mapazia aliomba radhi palepale, na akaomba tena nje, garini. Mzee alimpigapiga mkono. "Si kitu, si kitu," akasema kwa upole, na dhahiri alikuwa ameshasahau anaombwa radhi ya nini. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alishona mapazia ya shule huku roho inamsuta, akakosea pindo, akafumua, akakosea tena.

Haikupita muda mrefu, Mzee Bima alikuja siku moja ametulia, macho maangavu, hatua imara. Zamu yake ilipofika hakufunga kifungo.

"Ndugu zangu," akasema. "Nimekaa nikajiuliza, ni lini mara ya mwisho mliniletea mteja? Sikumbuki. Lakini siku hizi kutokumbuka kwangu si ushahidi, kwa hiyo nikamuuliza binti yangu. Hakunijibu. Akaangalia pembeni."

Fundi bomba alifungua mdomo. Mzee akainua mkono.

"Bado nina dakika yangu. Mnanihurumia. Ahsanteni. Lakini mimi sikuja hapa kuhurumiwa, nilikuja kufanya kazi, na kanuni niliitunga mwenyewe: kiti ni cha anayefanya kazi. Mimi siifanyi tena. Kwa hiyo natoka, kabla sijasahau kwamba nilitaka kutoka. Mpeni binti yangu kiti, anaiweza kuliko nilivyoiweza mimi." Akatazama saa mkononi mwake. "Na nimebakiza sekunde kumi."

Akakaa. Hakuna aliyecheka. Daktari wa mifugo aliinuka akatoka nje, na kupitia dirishani walimwona amesimama karibu na tangi la maji, amewapa kisogo, anajifuta uso kwa kiganja.

Mama Mapazia hakujua, na hakupata kujua kamwe, kama zile kelele zake zilibaki mahali fulani ndani ya mzee hata baada ya maneno kufutika. Alipomuuliza mumewe, mumewe alisema hapana, haiwezekani. Alisema haraka mno.

Kwa hiyo Jumanne iliyofuata alikwenda hotelini moyo mzito lakini mwepesi kidogo upande mmoja, kama mtu aliyetoka mazikoni. Alipofungua mlango alimkuta Mzee Bima ndani, koti limefungwa, anapanga viti.

"Umechelewa, mwenyekiti," akasema.

Mlangoni, nyuma, alisimama binti yake. Safari hii alikuwa ameshuka garini. Alifungua viganja vyake viwili, akavifunga, kama anayesema, ningefanya nini?

Wengine wakaingia mmoja mmoja, wakasalimia, wakakaa, wakamtazama mwenyekiti wao. Mama Mapazia alijua kinachotakiwa. Mtu alitakiwa amwambie mzee kwamba amejiuzulu, kwamba binti yake ndiye mwenye kiti. Mwenyekiti ndiye wa kumwambia. Alitafuta nguvu hiyo mwilini mwake, akaikosa.

Daktari wa mifugo akasimama.

"Mwenyekiti," akasema, akiwa ameukazia macho ukuta, "naomba nimtambulishe mgeni wangu. Huyu mzee hapa. Nimemkaribisha aje aone klabu yetu."

Kisha fundi bomba akapiga makofi, na wengine wakafuata.

Mzee Bima aligeuka, akatazama kushoto na kulia, na uso wake ukafunguka. "Ahsante sana," akasema. "Nimesikia mnatunza muda."

"Tunajitahidi, Mzee," Mama Mapazia akajibu.

"Nani aliianzisha?"

Fundi bomba alikohoa. "Mzee mmoja hivi. Mkali! Ukizidisha dakika, anakukoholea mpaka unakaa."

"Huyo ndiye mtu," Mzee Bima akasema kwa furaha. "Watu kama hao siku hizi hawapo."

Kwa kanuni, mwanachama mmoja aliruhusiwa kumleta mgeni yule yule mara mbili tu. Daktari, mtu wa kanuni hata akilia, aliikumbusha mwenyewe. Kwa hiyo wakapokezana. Baada ya daktari akamleta fundi bomba, akafuata msusi, akafuata mwenye mashine ya kusaga. Mzee alikuja kila Jumanne akiwa mgeni wa mtu mwingine, akapewa chai ya kwanza, akasikiliza kila dakika kama habari mpya. Akitaka kusema, alisema. Akirudia, walimwacha arudie. Binti alikaa kwenye kiti chake, upande wa pili wa meza, akiandika wateja aliopewa. Wakati mwingine baba alimwinamia jirani yake akamwuliza, "Yule mama wa bima ni nani? Anajua kazi."

Usidhani ilikuwa raha. Ilichosha. Kuna siku mzee alikasirika akataka kwenda nyumbani kwa mama yake, aliyekufa zamani. Kuna siku alilowana suruali, na Mama Mapazia na binti wakampeleka chooni wakamsafisha, mmoja ameshika koti, mwingine ameshika mzee. Wenye haraka walianza kutazama saa, na Mama Mapazia hakuwalaumu. Walikuja kutafuta riziki, siyo kuuguza.

Jua kali la mwisho wa mwaka lilipoanza, Jumanne ikaja na mzee hakuja. Binti aliingia peke yake, akakaa.

"Leo nilimkuta amelala," akasema. "Nikakaa nimsubiri aamke avae. Akaamka, akaniuliza leo ni siku gani."

Fundi bomba alimsogezea kikombe. Kikao kikaanza, kila mtu akasema dakika yake, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kumaliza kabla ya wakati. Walibaki wamekaa, hawajui wafanye nini na muda uliobaki.

Baada ya kikao binti alimfuata Mama Mapazia kwenye ngazi. "Mama, chumba cha baba kinapigwa na jua mchana kutwa. Halali. Anaona vivuli ukutani, anaogopa. Unaweza kunishonea kitu kizito?"

Ndilo dirisha la kwanza alilopewa na klabu mwaka mzima.

Alikwenda kupima siku hiyo hiyo. Mzee Bima alikuwa amekaa kitandani amevaa fulana, mikono yake myembamba kuliko alivyowahi kuiona, kwa sababu alikuwa hajawahi kuiona nje ya koti. Alimwitikia salamu kwa heshima, kama mtu asiyemjua. Mama Mapazia akapanda kwenye stuli, bega likalalamika, akanyoosha futi kuelekea kona ya dirisha. Ilimponyoka. Ncha ikaangukia kitandani.

Mzee aliiokota, akaitazama, akainuka. Akaisogeza mpaka kona ya chini ya dirisha, akaibana kwa kidole gumba.

"Hapa?" akauliza.

"Hapo hapo, Mzee. Ishike."

Akaishika. Mama Mapazia akasoma kipimo, akakiandika kwenye kiganja, akasema amemaliza. Mzee hakuachia. Akamwambia tena, naye akaendelea kubana, macho yamekazwa kwenye ncha ya futi, kwa uangalifu wa mtu aliyekabidhiwa jambo. Basi Mama Mapazia akakaa juu ya stuli, futi mkononi, akasubiri. Hakuwa na haraka ya kwenda popote. Alikuwa amechoka, na pale juu palikuwa na upepo kidogo.

Pazia alilishona kwa kitambaa cha kahawia, chenye bitana nzito, akalitundika wiki iliyofuata. Chumba kikaingia kivuli, na mzee akalala mchana ule mpaka jioni. Binti alimpikia mshonaji chai, wakanywa jikoni wakiwa wameacha mlango wazi ili wasikie akiamka.

"Wamesema watakurudisha uwe mwenyekiti mwakani," binti akasema.

"Nimekataa. Nimewaambia kwa kinywa changu, wote wakiwa wamekaa. Daktari atachukua."

"Daktari atawaua kwa kanuni."

"Wacha awaue." Mama Mapazia aliweka kikombe chini, akalisugua bega. "Mimi nitakuja kama mshona mapazia. Nikae kwenye kiti changu, ninywe chai yangu, nisipange cha mtu."

Binti akacheka, kicheko kifupi, kisha akanyamaza ghafla akageuza sikio kuelekea chumbani. Wakasikiliza wote wawili. Mzee alikuwa anakoroma.

"Ongeza chai, mama," binti akasema, na Mama Mapazia akasogeza kikombe.